Milioni Moja na Tatu

Daftari lilikuwa la stoo ya mgodi,
jalada limevimba kwa maji ya Nyamwamba.
Ukurasa wa kwanza, kwa penseli:
1,000,003.
Chini yake, kwa herufi ndogo za baba:
"Nani atakugawa?"

Mwaka ule Kilembe ilikuwa imenyamaza.
Vigari vya shaba vimelala relini, vinaota kutu,
na Kambere Mutswamba, mwandika zamu,
hakuwa tena na majina ya kuita alfajiri.
Aliachiwa funguo za stoo tupu,
kandili, na wembe wa kuchongea penseli.
Wenzake waliteremka bondeni kulima pamba.
Yeye akaanza kugawanya.

Kwa mbili, ikabaki moja.
Kwa tatu, moja tena.
Kwa tano, tatu.
Mama akipita na bakuli la bundu huuliza:
"Unamdai nani?"
"Simdai mtu. Natafuta wa kuimega hii
bila kuacha makombo."

Ukurasa wa pili nilicheka peke yangu:
saba, kumi na moja, kumi na tatu, thelathini na saba,
wote wamebakiza nne,
kama mashahidi waliopangana kabla ya kesi.
Pembeni ameeleza njama yao:
rudi nyuma hatua nne, utakuta 999,999,
tisa sita kwenye foleni,
na hiyo ni kisima cha kijiji, kila mmoja wao huchota akatosheka.
Milioni yenyewe, inayotajwa kwa mbwembwe,
ukiifungua ndani mna mbili na tano tu,
zimerudiwa sita sita.
Majirani wa ukuta mmoja,
na hakuna anayefanana na mwenzake.

Kwa 449 aliandika sifuri.

Sifuri kubwa, ameizungushia duara mara mbili.
Kisha kurasa hazina kitu.
Mama anakumbuka: siku tatu hakula vizuri,
alikaa mlangoni akitazama theluji ya juu
kama mtu aliyefiwa na asiyemjua.
Siku ya nne akazidisha kurudi:
449 kwa 2,227.
Ikafika 999,923, ikasimama.
"Themanini zimepotea mkononi mwangu," ameandika,
"si kwenye namba."
Akaichonga penseli, akaendelea.

Hakuvuka elfu. Hakuwa na haja.
Elfu mara elfu tayari ni milioni;
kigawo kikubwa hakitembei bila mwenza mdogo,
na wadogo wote alikwisha wahoji,
mia moja sitini na nane,
mmoja mmoja, kama zamu ya usiku ikiingia shimoni.
Wa mwisho, 997, akabakiza kumi na mbili.

Vitabu vya shule huiita namba ya aina hii *tasa*,
neno lile lile alilotupiwa shangazi Ithungu
mpaka akahama nyumba ya mume.
Baba aliliandika, akalikata kwa mistari miwili,
akaweka juu yake: "Haigawiki."

Sijui alitaka nini.
Mshahara haukurudi. Hakuna aliyemwuliza jibu.
Kwetu jina hutaja zamu ya kuzaliwa:
mimi Kabugho, binti wa tatu,
na usiku huu nimeiona ile tatu
imesimama mwisho wa sifuri zote,
nikajiuliza, nikaacha.

Simu yangu ilijibu kabla sijainua kidole:
ndiyo, haigawiki.
Nikaizima.
Nimechonga penseli kwa kisu cha jikoni,
nimefungua nyuma ya daftari, palipo pakavu,
449 kwa 2,227,
saba kwa tisa sitini na tatu, andika tatu, shika sita,
polepole,
mpaka zile themanini zitokee.